Arobaini Imfuate Mama Wodini

Kisarawe mwanamke akijifungua, nyumba nzima hubadili ratiba. Maji ya kumkanda huchemshwa alfajiri, uji wenye pilipili manga huletwa kabla hajauliza, naye hupumzishwa ndoo, jembe na jiko mpaka arobaini itimie. Huo ni utaratibu wa bibi zetu wa Kizaramo na wa pwani yote. Ukimuuliza mtaalamu wa afya ya akili ni nini kinachomkinga mzazi asizame kwenye huzuni, atakutajia usingizi, chakula, watu wa karibu na kupunguziwa kazi. Ni yale yale wanayoyafanya wanawake wa Msimbu, hapa Kisarawe, tangu kabla zahanati haijajengwa.

Tatizo ni kwamba utaratibu huo umefungwa kwenye nyumba ambayo mtoto yumo ndani. Akizaliwa njiti, au akichelewa kulia, au akaandamwa na homa na manjano, atapelekwa hospitali ya wilaya pale Kisarawe, hospitali ya rufaa ya mkoa Tumbi kule Kibaha, au Muhimbili, akalazwe chumba cha uangalizi maalumu. Hapo arobaini inavunjika. Mama analala kitanda cha kugawana na mwenzake, mshono wa operesheni bado mbichi, anakula anachokipata. Nyumbani watu wanangoja mtoto aruhusiwe ndipo waanze kumhudumia mzazi. Kwa hiyo anayeihitaji arobaini kuliko wazazi wote ndiye anayeikosa.

Makala hii ni ya mama huyo na watu wake. Nina shauri moja tu, mengine yote yanatokana na hilo: msingoje ruhusa ya mtoto. Mhudumieni mzazi huko huko aliko, kuanzia siku ya kwanza.

Ondoa kesi kichwani

Jambo linalomtesa mama wa njiti usiku si mlio wa mashine peke yake. Ni kesi anayojiendeshea mwenyewe kichwani, yeye mshtakiwa, yeye hakimu. Nilibeba kuni. Niligombana na mume wangu. Nilichelewa kuanza kliniki. Na nje ya kichwa chake kuna mashahidi wa kujitolea: huyu anasema mtoto kabemendwa, yule anasema mama alitembea nje mimba ikiwa tumboni, mwingine anasema ni jicho la jirani. Wapo pia watakaomwambia kwamba mtoto wa miezi saba huishi ila wa miezi minane hakai.

Tulisemee hili waziwazi. Mtoto huzaliwa kabla ya wiki 37 kwa sababu kama malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, shinikizo la damu la mimba, upungufu wa damu, mimba ya mapacha, au mimba zilizokaribiana mno. Mara nyingi hata daktari hapati sababu. Duniani kote karibu mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa njiti, nchi tajiri na maskini, kwa wake wa ndoa na wasio wa ndoa. Na wa miezi minane ana nafasi nzuri kuliko wa saba, kwa kuwa mapafu yake yamepata muda zaidi wa kukomaa.

Mama, ukitaka kumaliza kesi hiyo, mwulize daktari moja kwa moja: "Ni nini kilisababisha, na kuna nilichofanya?" Usibaki na swali hilo tumboni kwa kuogopa jibu. Mara nyingi jibu litakutua mzigo. Kama kipo cha kurekebisha mimba ijayo, mathalani kupimwa presha mapema au kumeza dawa za kukinga malaria, utakijua na utakwenda nacho. Na wewe wifi, shangazi au jirani, neno "kabemendwa" lisivuke mlango wa wodi. Halijawahi kumwongezea mtoto hata gramu moja, ila limewahi kumkosesha mama maziwa.

Wewe si mgeni pale

Mama wengi husimama mlangoni mwa chumba cha watoto wachanga kama watu waliokuja kuazima kitu. Wanaona mipira, taa za bluu, mashine za oksijeni, na manesi wanaojua kila kitu, wanajiona hawana kazi. Ukosefu huo wa kazi unaumiza moyo, na tena hauna ukweli.

Muhimbili ilikuwa miongoni mwa hospitali tano, pamoja na za Ghana, India, Malawi na Nigeria, zilizoshiriki utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2021. Watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilisubiri hali itulie ndipo waanze kubebwa kangaruu, yaani kifuani, ngozi kwa ngozi. Kundi la pili walianza kubebwa mara tu baada ya kuzaliwa, kwa takriban saa 17 kwa siku, huku matibabu yakiendelea. Katika kundi la kusubiri, watoto 15.7 katika kila 100 walifariki ndani ya siku 28. Katika kundi la kifuani walikuwa 12. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisitishwa kabla ya muda uliopangwa. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya: mtoto wa namna hii abebwe kifuani mapema, na familia ihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu.

Maana yake ni kwamba kifua chako kinafanya kazi ambayo mashine ya joto peke yake haiifanyi. Kwa hiyo uliza: "Sista, naweza kuanza kumbeba lini?" Ukikubaliwa, mtoto avalishwe nepi, kofia na soksi tu. Alazwe wima katikati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande ili pua iwe huru, miguu imekunjwa na kutanuliwa pembeni, kisha afungwe kwa kitenge kinachobana kiasi cha kumshika asiteleze. Unapolala, egemea mito, usilale chali kabisa. Nesi atakuonyesha mara ya kwanza na akukague ya pili.

Ukichoka, au kama bado umelazwa wodi nyingine na mtoto yuko mbali, mwingine ashike zamu. Katika utafiti ule walikuwapo jamaa waliosaidiana na mama, na watoto walifaidika. Bibi anaweza, mama mdogo anaweza, na baba anaweza pia: kifua cha mwanaume kina joto lile lile. Mama wengi husema kwamba siku walipombeba ndiyo siku waliyoanza kuamini kuwa mtoto ni wao. Kama wewe bado huoni hisia zozote za umama, huna kasoro. Hisia hizo huja zikimfuata mtoto kifuani, na kwa wengine huchukua wiki kadhaa.

Maziwa machache si aibu

Angalia jinsi mtoto wa kilo moja anavyolishwa. Nesi anachomoa kisukumio cha bomba la sindano, analiunganisha bomba na mpira mwembamba uliopitishwa puani mpaka tumboni, anamimina maziwa, kisha analiinua juu kidogo. Maziwa yanashuka yenyewe, polepole, huku mama akiyatazama yakiisha. Siku za mwanzo huwa ni mililita mbili au tatu kila baada ya saa mbili au tatu. Hiyo ni kama nusu kijiko cha chai.

Sasa fikiria mama aliyekamua nusu saa, akapata matone yaliyofunika chini ya kikombe, akaona haya kumpelekea nesi. Matone yale ndiyo mlo kamili. Yapeleke. Maziwa ya mwanzo, mazito na ya manjano, ni kinga ambayo haiuzwi duka la dawa.

Anza kukamua ndani ya saa chache baada ya kujifungua kama hali yako inaruhusu, halafu mara nane kwa siku, na mara moja kati ya hizo iwe usiku wa manane. Kamua ukiwa umekaa karibu na mtoto, au umetoka kumbeba, maana harufu na mguso wake husaidia maziwa kushuka. Hofu na uchovu huyazuia yasitoke kwa muda. Hilo halimaanishi yamekauka. Kunywa uji, nawa uso, pumzika, rudia. Na umwombe nesi akufundishe kushika bomba lile mwenyewe wakati wa kulisha. Mama anayemlisha mwanawe kwa mkono wake hulala usingizi tofauti na yule anayesimama kando.

Kuongea na madaktari

Raundi hupita haraka, na lugha yake ni ngumu. Usijilaumu ukitoka hujaelewa. Kuwa na daftari la wanafunzi na kalamu. Andika maswali jana yake, yasizidi matatu. Yanayosaidia zaidi ni haya: Leo anaendeleaje ukilinganisha na jana? Tunangojea nini ili apige hatua inayofuata? Na mimi nifanye nini leo? Jibu la swali la tatu ndilo litakalokubeba mpaka jioni.

Andika pia uzito wake kila unapopimwa. Siku za mwanzo atapungua, ndiyo kawaida, halafu ataanza kupanda kidogo kidogo. Ipo siku atapumua vizuri na siku inayofuata arudishiwe oksijeni. Watoto njiti wengi hupita njia hiyo ya kwenda mbele na kurudi nyuma. Ukijua hivyo mapema, siku ya kurudi nyuma haitakuvunja moyo wote.

Mashine zikilia, mwangalie mtoto kwanza, rangi yake na kupumua kwake, kisha mwite nesi. Mara nyingi ni waya uliolegea mguuni.

Kuhusu simu: chagua mtu mmoja wa kuwapa wengine habari, mume au dada yako. Kumweleza kila anayepiga habari ile ile, huku ukisikiliza kila mmoja akiguna, kunakula nguvu unayoihitaji. Waambie wazi: "Mwulizeni dada, mimi nakamua maziwa."

Kazi ya nyumbani

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndiyo maana wanaobaki nyumbani husahau kwamba mama wa wodini naye ni mzazi. Basi gaweni kazi kwa majina, isiwe "tutaangalia".

Mmoja ashike chakula: uji mwepesi wenye pilipili manga kwenye chupa ya chai, samaki, mboga za majani, ndizi za kupika, maji ya kutosha. Mwingine ashike nguo: vitenge viwili safi kila siku, sidiria zisizobana, pedi, kofia ya mtoto, kandambili. Wa tatu ashike nauli, kwa sababu kati ya Msimbu na hospitali kuna bodaboda na daladala za kubadilisha, na fedha hiyo ndiyo inayofanya ndugu wapungue kuja kuanzia wiki ya pili. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kuchangia kwa simu bila kusubiri kikao. Wa nne ashike watoto waliobaki, wapate kula, waende shule, na jioni wamsikie mama yao kwenye simu. Mama akijua waliobaki wamekula, nusu ya mawazo yake yamepata mwenyewe.

Gharama zikizidi, ulizieni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Afisa wa ustawi yupo kwa ajili ya familia zilizokwama, na msione haya kumwendea mapema.

Baba, wewe unaogopa pia, na wanaume wengi huificha hofu hiyo kwenye kutafuta hela mpaka wasionekane kabisa. Hela inatakiwa, lakini nenda ukamwone mwanao, umguse, ujifunze jina la nesi wa zamu. Mkeo akilia usikimbilie kumwambia anyamaze. Kaa. Mwulize amekula nini.

Na maneno? "Hongera" inamfaa kama wazazi wengine, maana amezaa. "Yuko mbioni, tunamwombea" inafaa. "Ungemwona mtaalamu mapema" haifai. "Mungu atakupa mwingine" haifai, mtoto huyu yupo.

Dua wakati wa nifasi

Mama wa Kiislamu aliye kwenye nifasi, yaani damu ya uzazi, hasali, na wengine hudhani mlango wote umefungwa, wakati ule ule wanapohitaji kusema na Mola wao. Dua, dhikiri na istighfari hazikatazwi. Msomee mwanao dua ukiwa umembeba. Mama wa Kikristo naye amwombe mchungaji au mwenzake wa jumuiya asali naye kwa simu. Ila imani isigeuzwe kiboko cha kumchapia mama. Kulia si kukufuru.

Machozi ya kawaida na ugonjwa

Kati ya siku ya tatu na ya kumi wazazi wengi hulia bila sababu ya wazi. Hali hiyo hupita ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, angalieni zaidi: huzuni ya kutwa nzima, kukosa hamu ya chochote, kutolala hata mtoto akiwa ametulia na yeye ana nafasi, kutokula, kutotaka kumwona mtoto, au moyo kwenda mbio kila simu ikiita. Wengine huendelea kusikia milio ya mashine hata baada ya kurudi nyumbani, wakashtuka usiku. Huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine na una tiba. Wapo wanaohitaji mazungumzo tu, wapo wanaohitaji dawa, na zipo dawa zinazotumika na mama anayenyonyesha. Anza kwa nesi wa wodi, kituo cha afya, au kliniki ya mtoto, useme kwa ufupi: "Wiki mbili zimepita, sijisikii sawa."

Msidharau pia msaada wa mtu wa kawaida aliyefundishwa. Huko vijijini Pakistan, wahudumu wa afya wa kike walifundishwa kuzungumza na mama wenye sonona, kuwasikiliza na kupanga nao hatua ndogo ndogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: watoto walipofikisha miezi sita, mama 23 katika 100 waliotembelewa hivyo ndio waliobaki na ugonjwa, dhidi ya 53 katika 100 kati ya wasiopata mazungumzo hayo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijijini kwenu akipata mafunzo, anaweza kazi hiyo.

Kuna hali moja isiyongoja kesho. Mama akisikia sauti wasizozisikia wengine, akikesha siku nzima na usiku bila kuhisi usingizi, akisema mambo yasiyoeleweka, au akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, apelekwe hospitali saa ile ile na asiachwe peke yake. Kumpeleka kwa mganga kwanza, kwa madai kwamba kapandisha mashetani, ni kupoteza muda ambao hamna.

Mtoto asipopona

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila vizazi hai 1,000 nchini, watoto 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi. Nyuma ya kila mmoja kuna mama, na mara nyingi maziko ya mtoto mchanga hufanywa haraka, matanga hayakaliwi, na mama huambiwa asilie sana. Mruhusuni alie. Kama anataka kumshika mwanawe na kumtazama, apewe nafasi. Mtoto aliyezaliwa hai ana jina na ana haki ya kuzikwa kwa heshima. Mtajeni kwa jina lake.

Maziwa yataendelea kuja siku kadhaa, na hakuna anayemwandaa mama kwa hilo. Avae sidiria inayoshika, aweke kitambaa cha maji baridi, akamue kidogo tu cha kupunguza maumivu, na yatapungua. Arobaini yake nayo iko pale pale: akandwe, alishwe, asirudi shamba wiki ile.

Mkiruhusiwa

Siku ya ruhusa huja na hofu yake. Mama aliyezoea nesi kwa kila jambo anajikuta peke yake usiku Msimbu. Kabla hamjaondoka, mwombe nesi akuone ukimlisha, ukimbeba kangaruu na ukimpa dawa. Andika dalili za hatari: kukataa kunyonya, kupumua kwa shida au kusimama kupumua, joto kali au mwili wa baridi, manjano kuongezeka, degedege. Ukiona mojawapo, piga 115 bila malipo, ndiyo namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito, wazazi na watoto wachanga. Hifadhi namba hiyo kwenye simu ya baba na ya jirani mwenye chaji.

Mwajiriwa aangalie haki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, na 100 kwa aliyezaa zaidi ya mmoja. Marekebisho yaliyopitishwa na Bunge mapema mwaka 2025 yamemwongezea aliyejifungua njiti muda uliobaki kufikia wiki 40 za mimba. Miongoni mwa waliolipigania jambo hilo ni taasisi ya Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti wa gramu 900. Mkulima wa mihogo au muuza maandazi hana barua ya likizo. Likizo yake ni nyinyi majirani, na ianze kuhesabiwa upya tangu siku aliyorudi, hata kama arobaini ya kalenda ilimkuta wodini.

Na wewe uliyekwisha kupita njia hii, mtoto wako sasa anakimbiza kuku uani, kuna kazi ambayo daktari hawezi kuifanya kwa niaba yako. Ukisikia kijijini kwenu kuna mzazi kabaki hospitali na njiti, nenda kabla ya Jumapili. Beba uji, mwonyeshe unavyofunga kitenge, mwambie wako alianza na gramu ngapi. Kisha ukirudi, pita zahanati umwachie nesi namba yako ya simu, ili mwingine akitokea ajue wa kumpigia.